Kaburi Katika Sura ya Nne

Idara ya uchapishaji ya chuo kikuu ilizindua vitabu vyake vipya vya taaluma ya Kichina siku ya Ijumaa mchana, katika ukumbi wa hoteli moja inayotazama ziwa. Asubuhi yake, kule Migosi, mtaa wa Kisumu, Daktari Nelima Waliaula alivaa na kuvua hadi kitanda kikafunikwa na nguo. Angekuwa mtu mwingine, ungesema ni furaha tu. Kwake furaha ilikuwepo, ila kulikuwa na kitu kingine chini yake, kama kijiwe ndani ya kiatu.

Nelima alikuwa mzaliwa wa Bungoma. Alisomea Uchina hadi akapata udaktari, akarudi kufundisha Kisumu, na katika chuo chao hakukuwa na mwingine aliyeweza kusoma gazeti la Beijing bila kamusi. Dholuo, lugha ya majirani zake, ya muuza mboga wake na ya nusu ya wanafunzi wake, aliijua ya kusalimia tu. Watu walimtania kwa hilo, naye alicheka pamoja nao na kuahidi kwamba likizo ijayo atajifunza. Likizo zilikuja zikaenda.

Kitabu chake kilihusu wakalimani: vijana wa magharibi mwa Kenya waliojifunza Kichina na kuajiriwa na makampuni ya barabara, wakasimama kati ya mhandisi wa Kichina na mwanakijiji, kila upande ukiwategemea kama mtu anavyotegemea macho yake. Kati ya wakalimani hao, aliyemsaidia zaidi alikuwa Milka Adongo wa mtaa wa Kaloleni. Milka alifanya kazi kwenye barabara inayotoka upande wa Katito kushuka ziwani. Mhandisi wake aliitwa Bwana Luo, na jina hilo, ambalo ni la kabila lao, liliwachekesha watu wa Nyakach, eneo ilikopita barabara, wiki nzima. Wazee wakamwuliza ukoo wake ni upi, na akina mama wakaanza kumwita shemeji.

Jumamosi nyingi Nelima alikwenda Kaloleni akaketi kwenye sebule ndogo ya Milka, kinasa sauti kikiwa mezani kati yao. Milka alisimulia vizuri. Alikuwa na kicheko cha ghafla na mikono isiyotulia. Kisha Jumamosi moja, Nelima akiwa amekwisha kuzima kinasa sauti na wamekaa kula ugali na omena, Milka alikanda tonge vidoleni muda mrefu bila kulila.

"Kuna moja sijawahi kumwambia mtu," alisema.

Akamweleza. Karibu na Katito barabara ilipita kwenye mahame ya familia moja, mahali walipokuwa wakiishi zamani kabla ya kuhamia juu. Mama wa familia hiyo alikuja kwenye mkutano, akasema kwamba mwanawe Gordon amezikwa pale, na kwamba kaburi limefunikwa na majani lakini yeye analijua. Aliomba mashine zisubiri ili mtoto ahamishwe kwa heshima. Sasa, asubuhi hiyohiyo, msimamizi wa vibarua alikuwa amemwonya Milka: kazi imechelewa mno, na mkalimani atakayeleta habari nyingine ya kuchelewesha atafute kazi kwingine. Milka alikuwa akiwalea watoto wa dada yake aliyefariki. Bwana Luo alipouliza yule mama analia nini, Milka alimjibu kwamba analia kwa furaha, barabara imewafikia.

"Yeye akaniambia, kwa Kichina, 'Waulize kama kuna makaburi. Kama yapo nitasimamisha mashine. Hata kwetu kaburi haliguswi hivihivi.' Daktari, aliuliza mwenyewe! Nikamgeukia yule mama nikamwambia, 'Anasema usiwe na wasiwasi, mashine itazunguka.' Mama akamshika mkono Mchina, akamshukuru kwa mikono miwili."

Siku chache baadaye yule mama aliugua kifua, akapelekwa kwa binti yake mjini Ahero. Aliporudi, mashine zilikuwa zimekwisha kupita na ardhi yote ilikuwa tambarare na nyekundu. Hakutambua chochote. Milka akamshika mkono, akampeleka kando ya barabara karibu na safu ya mikonge, akamwambia ni hapa. Alikuwa amepanga mawe pale yeye mwenyewe, kabla mama hajafika.

"Mpaka leo anapalilia pale," Milka alisema. "Nikipita naangalia upande wa pili." Kisha akanawa mikono, ingawa chakula kilikuwa hakijaisha. "Hiyo si ya kitabu, Daktari."

"Nakuelewa," Nelima alijibu.

Ndivyo alivyosema. Hakusema naahidi. Baadaye aliishikilia tofauti ya maneno hayo mawili usiku na mchana, akiigeuza huku na huku, akitafuta upande ambao ungemkinga.

Maana kitabu kilipopelekwa kwa wasomaji wa rasimu, walikirudisha na sifa za kadiri. Sydney Opondo, mhariri wa mfululizo huo, alimwita ofisini kwake. Alikuwa mtu mkarimu mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi upande mmoja, na aliwapenda waandishi wake kwa dhati.

"Sura ya nne imekauka," alimwambia. "Nadharia ipo, majedwali yapo, lakini mtu hayupo. Huna kisa, Daktari? Kimoja tu?"

Nelima alikuwa nacho. Alikiandika Jumapili moja kwa mkao mmoja, na hakuna kitu alichowahi kuandika kilichomtoka kwa wepesi namna ile. Milka alimgeuza kuwa Bi. A. Katito ikawa soko moja la Nyakach. Mtoto hakumpa jina, alimwita mtoto. Akajiambia kwamba hapo amemficha kila mtu. Lakini kwenye barabara ile mkalimani mwanamke alikuwa mmoja tu, na kila mama aliyeuza chai kwa vibarua alimjua kwa sura na kwa jina.

Hicho ndicho kilichokuwa kijiwe ndani ya kiatu.

*

Ukumbini kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na juu yake vitabu vipya vimepangwa kwa marundo. Kimoja kilihusu vigae vya kauri za Kichina vilivyochimbuliwa pwani. Kingine kililinganisha toni za Dholuo na za Kimandarini, na mwandishi wake, mzee mwembamba, aliwafanya wageni wote waimbe maneno kwa kupandisha na kushusha sauti mpaka wahudumu wa hoteli wakacheka. Kingine kilieleza kliniki za mitishamba ya Kichina mijini. Cha Nelima kilikuwa mwisho wa meza, kikiwa na picha ya mashine ya manjano kwenye udongo mwekundu.

Wakalimani wote waliohojiwa walikuwa wamealikwa. Nelima ndiye aliyetuma mialiko. Kumwacha Milka kungeonekana vibaya, kwa hiyo alimtumia naye, kisha akaomba moyoni asije. Alipotupa macho kwenye viti na kutomwona, mabega yake yalishuka.

Alipanga kusoma kurasa za utangulizi. Lakini Opondo aliposhika kipaza sauti, alisema kwa fahari, "Sasa Daktari Nelima atatusomea kutoka sura ya nne, ile iliyowaliza wasomaji wetu wa rasimu." Watu wakapiga makofi. Kijana wa kike kutoka redio moja ya Dholuo, jina lake Jentrix, akasogea mbele na kinasa sauti chake.

Angeweza kukataa. Angesema macho yanamsumbua, au muda ni mfupi. Baadaye alizihesabu njia zote ambazo angepitia, na zote zilikuwa rahisi. Ila watu walikuwa wanamtazama kwa hamu, na kile kisa, Mungu amsamehe, kilikuwa kizuri. Alifungua kitabu akasoma.

Alisoma kwa Kiingereza cha chuo, polepole. Alisoma habari ya mama aliyeshukuru kwa mikono miwili. Alisoma mstari wake alioupenda kuliko yote, kwamba mahali pale mkalimani hakutafsiri, alitawala. Ukumbini ilisikika mashua ikinguruma ziwani. Alipogeuza ukurasa aliinua macho, kama wasomaji wanavyofanya, na karibu na mlango akamwona Milka Adongo katika gauni la kijani, amesimama na mkoba kifuani. Alikuwa amechelewa kufika.

Nelima aliendelea kusoma. Hilo ndilo jambo ambalo hakuweza kujieleza hata baadaye. Sauti yake haikutetemeka. Alisoma mpaka mwisho wa kisa, mpaka mawe yaliyopangwa kando ya mikonge, akafunga kitabu, na makofi yakamjia kama mvua.

Wakati wa kutia sahihi watu walipanga foleni. Milka naye alipanga. Alisogea hatua kwa hatua kama wengine, akasalimiana na aliyekuwa mbele yake, na zamu yake ilipofika akaweka kitabu mezani.

"Milka," Nelima alisema.

"Niandikie, Daktari."

"Niandike nini?"

"Jina langu. Lile kamili. Hii A naona haitoshi."

Nelima aliandika. Milka alichukua kitabu, akakipuliza ili wino ukauke, akashukuru kwa adabu na kuondoka.

Nelima aliacha foleni akamkimbilia Jentrix wa redio, aliyekuwa akikunja nyaya zake.

"Ile sehemu niliyosoma, tafadhali usiitangaze."

"Kwa nini, Daktari? Ndiyo bora kuliko zote! Nitaitafsiri kwa Dholuo, iende Jumapili baada ya ibada. Tumeshaitaja hewani kwa kifupi na watu wanapiga simu wakiuliza ni kaburi la nani."

"Kuna mtu ataumia."

Jentrix alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini iko kwenye kitabu," alisema. "Si ndiyo?"

*

Kesho yake asubuhi Nelima aliendesha gari hadi Kaloleni. Hakulala vizuri, na maneno yote ya kuomba radhi aliyoyapanga yalimtoroka alipomwona Milka uani akianika nguo. Watoto wa dada yake, ambao sasa walikuwa wakubwa, walikuwa wameketi ngazini wakitazama simu moja. Milka aliwaambia waingie ndani.

"Nimekosa," Nelima alisema.

"Umekosa." Milka alikung'uta shati akalibana kwenye kamba.

"Nilibadilisha jina. Nilifikiri..."

"Ulifikiri nini? Nilikulisha hapa, Daktari. Nilikwambia hiyo si ya kitabu, ukaniambia unanielewa. Sasa kama ulielewa ukaandika, mimi niseme nini?" Aliinama kuchukua nguo nyingine, akabaki ameinama. "Na tusidanganyane. Kile nilichofanya ni changu. Sikukasirika kwa sababu umesema uongo. Ni kweli yote. Lakini mimi nilikuwa ninatafuta siku ya kwenda kwa yule mama mwenyewe, kwa miguu yangu. Hiyo siku umeninyang'anya."

Nelima aliutazama mfereji wa maji machafu upande wa pili wa ua, akamweleza habari ya redio: Jumapili, baada ya ibada, kwa Dholuo.

Milka aliacha nguo. "Ana redio," alisema. "Hupika nayo, hulala nayo. Ataisikia."

Milka akafuta mikono kwenye leso yake.

"Twende leo. Na si mimi peke yangu. Utaenda na wewe."

Walipita Ahero na mashamba yake ya mpunga, wakafika Katito, siku ya soko, vumbi na ng'ombe na akina mama wenye marobota ya mitumba. Pale wakaingia barabara ya lami inayoshuka ziwani. Ilikuwa barabara nzuri. Nelima alikuwa ameiandikia sura nzima na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuipita. Mbele kidogo Milka aligeuza uso dirishani upande wa kushoto, na Nelima, akitazama upande wa kulia, aliiona mikonge, na mbele yake mahali padogo palipopaliliwa safi, pamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa.

Yule mama aliitwa Min Gordon, yaani Mama Gordon. Kwao mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, na jina hilo lilikuwa limebaki naye hata baada ya Gordon kufa kwa homa akiwa bado shule ya msingi. Walimkuta uani akipepeta njugu, redio ndogo ikiimba nyimbo za kanisa kwenye kigoda pembeni yake. Alimkumbuka Milka mara moja. Alisimama kwa shida, akamkumbatia, akaita ndani waletewe viti.

Hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Milka aliketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiye na haki ya kuegemea.

"Niseme mimi kwanza," Nelima alimnong'oneza. "Nitasema kwa Kiswahili, wewe umwambie. Sema kama ninavyosema."

Milka alimgeukia. "Na utajuaje?"

Aliyesoma hadi akapata udaktari kwa lugha ya watu wa mbali alikuwa ameketi mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwake bila uwezo wa kujua neno moja limepita salama au la. Akaanza. Alisema yeye ni mwalimu wa chuo, kwamba ameandika kitabu, na ndani ya kitabu ameweka jambo ambalo halikuwa lake kulisema, linalomhusu Mama na mwanawe, na kwamba kesho litasomwa redioni. Milka alitafsiri sentensi kwa sentensi, macho chini. Min Gordon alisikiliza huku akichambua njugu. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni, na neno kaburi lilipotajwa mkono wake ulisimama hewani.

Hapo Milka aliacha kutafsiri akaanza kusema ya kwake.

Nelima hakuelewa maneno, lakini kisa alikijua kwa moyo, na kwa namna sauti ya Milka ilivyopanda na kushuka aliweza kufuata: sasa yuko kwenye mkutano, sasa Bwana Luo anauliza, sasa mashine. Min Gordon alinyoosha mkono akaizima redio. Aliuliza swali fupi. Milka akajibu. Akauliza jingine. Milka akafunika uso.

"Anauliza nini?" Nelima alisema.

"Anauliza yule mgeni alisema nini hasa siku ile." Milka alisema bila kuondoa mikono usoni. "Nimemwambia alitaka kusimamisha mashine. Sasa anauliza, alipomshika mkono akilia, mgeni alifikiri ni nini. Nimemwambia alifikiri ni furaha."

Min Gordon alinyanyuka. Njugu zilimwagika kutoka kwenye ungo, kuku wakazijia, na hakuna aliyewafukuza. Alitoka langoni akashuka kuelekea barabarani, akichechemea upande mmoja, nao wakamfuata nyuma kama watoto waliokosa. Alipofika kwenye mawe yake yenye chokaa hakusimama. Alipita, akaenda hadi ukingo wa lami.

"Wapi?" aliuliza kwa Kiswahili, ili wote wawili wasikie.

Milka alionyesha kwa mkono mzima. Ilikuwa katikati, upande wa kushoto wa mstari mweupe. Pikipiki yenye magunia ya makaa ilipita juu yake, kisha lori la mchanga, kisha mwanamke na baiskeli.

Yule mama alisimama akitazama. Alisema maneno machache, taratibu, na Milka akatafsiri kwa sauti iliyokatikakatika: "Anasema, pale kwenye mawe amekuwa akimweleza habari zote. Dada yake alipoolewa, alimweleza. Ng'ombe alipozaa, alimweleza. Anasema kumbe alikuwa anazungumza na nyasi."

Kisha Min Gordon akamgeukia Milka na kumzaba kofi. Halikuwa kofi la nguvu, mkono wenyewe ulikuwa wa mzee. Milka hakuinua mkono kulikinga. Yule mama akabaki amemshika shavu palepale alipompiga, wakalia wote wawili ukingoni mwa barabara, na watu wa pikipiki wakapunguza mwendo kuwatazama.

Nelima alisimama pembeni. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemshika. Alitamani angepigwa.

Muda ulipita kabla Min Gordon hajamkumbuka. "Na huyu?" alisema. "Huyu kitabu kilimpa nini?"

Milka alitafsiri, akamwacha ajibu mwenyewe.

"Sifa, Mama," Nelima alisema. "Nilipata sifa."

Yule mama alilipima neno hilo. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, kila neno peke yake: "Mtoto wangu mtoe huko ndani."

"Nitamtoa, Mama."

*

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Opondo kabla katibu wake hajafika. Mhariri alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake, akaifuta muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema angejua kisa kile kilikuwa siri asingekichapisha, na Nelima alijua ni kweli. Kwenye fomu za ridhaa, mahali pa Bi. A., Nelima alikuwa ameambatisha ile aliyotia sahihi Milka kwa ajili ya mahojiano mengine.

"Nakala za dukani nitaziondoa leo," Opondo alisema. "Toleo la mtandaoni nitalifunga. Toleo la pili litakuja bila hiyo sehemu. Lakini zile zilizokwenda maktaba za Nairobi, na zile zilizokwenda Uchina, sizipati tena, Daktari. Na kamati ya kupandisha vyeo itauliza kwa nini kitabu chako kimeondolewa. Nitalazimika kuwaambia."

"Waambie."

Siku ile ile alimwandikia profesa mmoja wa Kunming aliyetumiwa rasimu miezi mingi kabla, akamsifu, akamwomba asiitumie sura ya nne. Jibu lilikuja haraka, kwa Kichina cha heshima nyingi. Profesa alisikitika. Sura hiyo alikuwa amekwisha kuitafsiri kwa jarida lake na jarida lilikuwa limetoka, ameambatisha nakala. Nelima aliisoma ofisini, mlango umefungwa. Kila kitu kilikuwepo: mama, mikono miwili, mawe. Alitafuta kosa katika tafsiri, hata moja, asilipate.

Jentrix wa redio hakutangaza kisa. Milka alimpigia mwenyewe Jumamosi jioni, na walichoambiana Nelima hakukijua. Lakini habari ilikuwa imekwisha kusambaa. Chuo kidogo cha lugha mjini, ambako Milka alifundisha Kichina jioni, kilimwambia apumzike kwanza mpaka wazazi wa wanafunzi watulie. Nelima alikwenda kumtetea. Mkuu wa chuo alimsikiliza kwa upole, kisha akamwuliza kama si yeye aliyeandika kwamba mkalimani huyu hakutafsiri, alitawala.

Cheo hakikuja. Nelima alipoipata habari hiyo alishangaa jinsi ilivyomwumiza kidogo. Alikuwa ametumaini itaumiza zaidi, kana kwamba maumivu yangempunguzia kitu.

Kabla ya mvua za Aprili, Milka alimpigia simu, mara ya kwanza tangu safari ile.

"Familia inamzika Gordon Alhamisi," alisema. "Wanazika yago." Akamweleza, kwa sauti ya mkalimani anayefanya kazi yake, kwamba mtu akipotea na mwili usipatikane, kama wale wanaochukuliwa na ziwa, watu wa kwao huzika tunda la mti wa yago mahali pake, tunda refu zito kama mtoto mchanga. Lami haiwezi kuvunjwa. Kwa hiyo wazee wameamua yago lizikwe juu nyumbani, karibu na mama yake. "Anasema uje."

"Amesema mwenyewe?"

"Ndiyo. Usibebe kalamu."

Nelima alikwenda. Kulikuwa na mchungaji, na jamaa wengi, na wimbo uliopanda na kushuka. Alisimama nyuma kabisa. Tunda lilikuwa limefunikwa kwa shuka nyeupe, na Min Gordon alilibeba mwenyewe mpaka shimoni, akakataa kusaidiwa. Milka alikuwa miongoni mwa wanawake wa familia, si mbele, wala si nyuma. Hakuna aliyeeleza chochote kwa Kiswahili, na Nelima hakumwomba mtu amweleze.

Ibada ilipokwisha, watu wakaketi kula. Nelima alikuwa akitafuta namna ya kuaga, Min Gordon alipomjia akiwa na beseni la sahani chafu, akaliweka miguuni pake.

"Osha," alisema.

Nelima alivua saa yake, akapandisha mikono ya blauzi, akachuchumaa pamoja na wanawake wengine kwenye ndoo za maji. Walimsogezea sabuni. Waliendelea na mazungumzo yao, wakicheka kidogo, wakinyamaza, wakirudia jina la Gordon. Sahani ziliendelea kuja. Mmoja wao, msichana aliyebeba mtoto mgongoni, alimtazama Nelima kwa udadisi, kisha akamwuliza Milka kitu kwa Dholuo huku akimwonyesha kwa kidevu.

Milka alijibu kwa sentensi moja. Yule msichana akaitikia, akamtazama tena Nelima, akarudi kwenye sufuria yake.

Nelima hakuuliza kimesemwa nini. Alichukua sahani nyingine.